Kuunganisha kifundo cha mguu: mwongozo kwa aliyeandikiwa upasuaji katika hospitali ya Kanombe, Kigali

Mtu anayeambiwa kwamba mifupa ya kifundo chake cha mguu inapaswa kuunganishwa huuliza kwanza kama atatembea tena. Atatembea. Lipo swali jingine lenye uzito zaidi, na wachache hulikumbuka kabla ya kutia sahihi: utatokaje nyumbani kwako Busanza au Rubirizi mpaka barabara ya lami kwa magongo, mguu mmoja haugusi chini, majuma sita mpaka manane, na choo kiko uani? Kazi ya daktari mezani ni ya saa mbili tatu. Mifupa yenyewe hushikana polepole, miezi mitatu minne, nawe uko kwako, hauko tena wodini. Kwa hiyo hapa tutapita haraka kwenye chumba cha upasuaji, tukae zaidi nyumbani, njiani na kazini, maana huko ndiko operesheni nyingi nzuri huharibikia.

Kinachounganishwa

Kifundo ni mahali mfupa wa muundi unapokaa juu ya mfupa mfupi, mnene, uitwao talasi. Chini ya talasi upo mfupa wa kisigino, na baina yao kuna kiungo cha pili. Kiungo cha juu hupandisha na kushusha wayo. Cha chini huugeuza ndani na nje, na ndicho kinachokuokoa ukikanyaga jiwe gizani. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa gegedu, utando laini unaoteleza. Gegedu ikishalika haioti tena. Mfupa hubaki kusagana na mfupa, na kila hatua inauma.

Goti na nyonga huchakaa zaidi kwa umri. Kifundo sivyo: kati ya wagonjwa 10 ambao kifundo chao kimekwisha, 7 au 8 waliwahi kuumia hapo zamani. Kwa Kigali maana yake mara nyingi ni pikipiki. Mtu alianguka, akavunjika, akafungwa plasta ngumu (POP) au akapelekwa kwa mwunga mifupa, na mfupa ukaunga ukiwa umehama milimita mbili tatu. Akatembea vizuri kwa miaka. Kisha ukaja uvimbe wa jioni, yakaja maumivu ya asubuhi, ikaja fimbo. Talasi nayo ina udhaifu wake wa pekee: mishipa inayoilisha damu ni michache, na ikikatika wakati wa ajali mfupa hufa na kuporomoka. Wengine huletwa na kifua kikuu kilichoingia kiungoni, kisukari kilichoua hisia za mguu, baridi yabisi, au nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa ambazo hazikunyooshwa utotoni.

Daktari hukwangua gegedu iliyobaki mpaka afikie mfupa unaotoa damu. Hutoboa vitundu vidogo, huweka mguu katika mkao unaofaa, kisha huibana mifupa pamoja kwa skrubu, kwa bamba, au kwa chuma kirefu kinachoingizwa kisiginoni na kupanda hadi ndani ya muundi. Pengine huongeza vipande vya mfupa wako mwenyewe, vilivyochukuliwa nyongani au kwenye ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi. Kwa mwili wako hapo hapana kiungo tena, pana mfupa uliovunjika, nao huuunga kama unavyounga mfupa wowote.

Eduard Albert, daktari wa karne ya 19 aliyefanya kazi Innsbruck na Vienna, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa upasuaji huu. Alitafuta namna ya kuimarisha miguu iliyopooza kwa polio. Mwaka 1951 Mwingereza John Charnley, yuleyule ambaye baadaye alisifika kwa nyonga za bandia, alieleza jinsi ya kuibana mifupa hiyo kwa vyuma kutoka nje ya ngozi ili ishikane upesi. Vyuma siku hizi hukaa ndani, lakini kanuni ya kubana ndiyo hiyohiyo, na ndiyo sababu usishangae kuona skrubu nene kwenye picha yako: kazi yake ni kubana, wala haziwezi kukubeba wewe na gunia lako la viazi kabla mfupa haujashika. Chuma kinachotikiswa kila siku hatimaye huchoka na kukatika.

Jambo moja la mezani linastahili swali lako, nalo ni mkao. Wayo hutakiwa uwe pembe mraba na muundi, kisigino kikiegemea nje kidogo, nyuzi 5 hivi, na vidole vikitazama nje nyuzi 5 mpaka 10, kama ulivyo mguu wako mwingine. Wayo ukigandishwa umeinama chini, goti litasukumwa nyuma kila hatua mpaka nalo lianze kuuma. Kisigino kikiingia ndani, utatembelea ukingo wa nje wa mguu na kuota sugu. Wako akina mama wanaoomba waachiwe nafasi ya kuvaa viatu vya kuchuchumia. Daktari akikataa, amekufanyia hisani.

Uliza pia ni viungo vingapi vinaunganishwa. Pengine ni kifundo peke yake. Pengine ni kiungo cha chini ya talasi peke yake, au viungo vitatu vya sehemu ya nyuma ya mguu kwa pamoja, operesheni ambayo Mmarekani Edwin Ryerson aliieleza mwaka 1923 na ambayo bado hutumika kunyoosha nyayo zilizopinda za watu wazima. Na pengine ni kifundo na kisigino kwa mpigo mmoja, kwa kile chuma kirefu. Hospitali nyingi za nchi zetu, ikiwemo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, hutumia vyuma vya shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa Richland, Washington, kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine nyingi za eksirei vyumbani mwa upasuaji. Vyuma hivyo vilitengenezwa kwa mapaja na miundi iliyovunjika, ila madaktari wamevitumia hata kuunganisha kisigino. Kadiri viungo vinavyozidi, ndivyo maisha yako ya baadaye yatakavyobadilika, kwa hiyo usiondoke na jibu la "tutakuunganisha mguu" tu.

Kabla ya kukubali

Hakuna anayekukimbiza. Isipokuwa pana usaha au mfupa unatoboa ngozi, upasuaji huu huweza kusubiri mwezi mmoja au mwaka mzima, nao ukishafanyika haurudi nyuma. Uliza kama umekwisha kujaribu kifaa cha kushikilia kifundo, kile cha plastiki ngumu au cha ngozi kinachovaliwa ndani ya kiatu. Watengenezaji wa vifaa vya namna hiyo wapo Rwanda tangu zamani: kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa na padri Joseph Fraipont mwaka 1960, kimejenga jina lake kwa kazi za aina hiyo. Jaribu fimbo, na uishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande unaouma, na hapo haiwasaidii kitu. Punguza uzito kama upo wa kupunguza. Dawa kama ibuprofeni husaidia, ila anayezimeza mwaka mzima bila kupimwa anauza tumbo na figo zake kununua kifundo.

Kipo kipimo kimoja rahisi ambacho ningekiomba kabla ya kukubali kuunganishwa viungo viwili: sindano ya ganzi. Daktari huidunga ndani ya kiungo kimoja tu, kisha unatembea ukumbini na kupanda ngazi. Maumivu yakitoweka, mhalifu amejulikana. Yakibaki, yumkini yanatoka kiungo cha jirani, na kuunganisha kile cha kwanza kungekuacha na mguu mgumu unaouma vilevile.

Kuhusu kifundo cha bandia: kipo, na katika nchi tajiri hupewa zaidi watu wenye umri mkubwa, wasiobeba mizigo, ambao mifupa yao bado imenyooka. Kwa kijana anayebeba matofali, kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia, au kwa aliyewahi kupata usaha kiungoni, wengi wa wataalamu huchagua kuunganisha. Si kwamba umepewa tiba ya maskini.

Unachotoa, unachopata

Unatoa mwendo wa kiungo, unapokea utulivu. Kwenye sakafu tambarare mtu aliyeunganishwa kifundo peke yake hutembea hivi kwamba mgeni hamtambui, kwa sababu viungo vya katikati ya mguu hujifunza kuinama kidogo badala yake. Lakini Kanombe si sakafu. Shida huanza kwenye mteremko. Kupanda, utahitaji kugeuza mguu upande kidogo au kuchukua hatua fupi. Kushuka, goti hufanya kazi ambayo kifundo kilikuwa kinaifanya. Aliyeunganishwa na kisigino pia atayaona mawe ya njia za vijijini kuliko alivyowahi kuyaona, kwani wayo haugeuki tena kuyakwepa. Kila kona ya njia ataitazama.

Kuchuchumaa ndiko kunakosahauliwa kuliko yote. Choo cha shimo hudai kifundo kipinde kabisa, na chako hakitapinda. Kwa jembe utalazimika kulima umenyoosha mguu mmoja mbele. Wengine huzoea, wengine hubadilisha kazi. Muislamu atakaa swalani na mguu ameutoa pembeni, au juu ya kiti, na dini inamruhusu mgonjwa. Mkatoliki atapiga goti la mguu mzima.

Kwa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, suala ni la mguu upi. Wa kulia ndio unaokanyaga breki ya nyuma, wa kushoto ndio unaobadili gia. Kubadili gia kwa kunyanyua ncha ya kiatu ni kazi ya kifundo hasa. Pikipiki nyingi za Kihindi zinazobeba abiria mjini zina pedali ya gia yenye pande mbili, ya vidole na ya kisigino, na mtu aliyeunganishwa kifundo hupandisha gia kwa kushindilia kisigino, mguu wote ukishuka kutoka gotini. Fundi huweza kuiinua au kuishusha pedali hiyo kwa kuihamisha jino moja mawili kwenye mhimili wake. Breki ya mguu wa kulia ni habari nyingine: hapo inabidi ujaribu kwenye uwanja mtupu, bila abiria, na daktari awe amekwisha kuona picha inayoonyesha mfupa umeshika. Pikipiki za umeme zinazoenea Kigali hazina gia za kubadili, nami ningekuwa motari mwenye kifundo cha kushoto kilichounganishwa, ningelifikiria jambo hilo kwa makini. Kwa gari, mwenye mguu wa kulia ulioguswa asishike usukani mpaka aweze kukanyaga breki ghafla kwa nguvu bila kusita, na hilo kwa kawaida ni baada ya miezi mitatu au zaidi.

Lingine ulijue mapema: viungo vya jirani vitabeba mzigo wa kile kilichonyamazishwa. Baada ya miaka 10 au 20, wengi huonyesha uchakavu kwenye kiungo kilicho chini au mbele ya kifundo. Kwa mtu wa miaka 60 hilo linaweza lisimfikie. Kwa wa miaka 28 ni sehemu ya hesabu.

Njia ya kufika Kanombe

Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda ilianza mwaka 1968 kwa ajili ya wanajeshi na familia zao, na baada ya 1994 ikawafungulia raia. Leo ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia, na foleni ya kliniki ya mifupa ina akina mama wa sokoni, wanafunzi, motari na wastaafu. Sare usiziogope. Kiswahili nacho kitakusaidia kuliko unavyodhani, ingawa karatasi zitaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na maelezo ya dawa utapewa kwa Kinyarwanda usipouliza.

Mwenye Mituweli, bima ya afya ya jamii, hufuata ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa. Ukiruka ngazi bila karatasi ya kuhamishwa, bima haitakubeba. Ukifuata, hospitalini unalipa asilimia 10 ya gharama zinazokubaliwa, na zilizobaki hulipwa na mfuko unaosimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda. Neno la kushika ni "zinazokubaliwa". Kabla ya kupangiwa tarehe, nenda dirisha la bima na uulize mambo matatu: je, chuma kimo, je, kama daktari atabadili aina ya chuma mezani nani atalipa tofauti, na je, kifaa cha kuvaa baadaye kimo? Omba jibu liandikwe. Na kwa kuwa mwaka wa Mituweli huanza Julai, anayepasuliwa Mei au Juni ahakikishe amelipia mwaka mpya, maana picha za kufuatilia zitaangukia huko. Mgeni asiye na bima ya Rwanda hulipa mwenyewe, na ana haki ya kuomba makadirio kwanza.

Beba picha zako zote za eksirei, hata ile ya ajali ya miaka tisa iliyopita. Picha ya sasa ipigwe ukiwa umesimama, kwa sababu mguu uliolala huficha mpindo wake.

Nyumba kabla ya kisu

Tumbaku kwanza, kwa kuwa ndiyo adui mkubwa unayeweza kumfukuza mwenyewe. Nikotini hubana mishipa midogo inayolisha mfupa. Kwa jumla, takriban mtu mmoja kati ya 10 hukuta mifupa haikushika, na kwa mvutaji hatari hiyo huzidi mara kadhaa. Acha majuma sita kabla, na usirudie mpaka picha iseme mfupa umeshika. Sukari ya damu ishushwe. Kidonda chochote mguuni, hata ukucha uliooza, kionyeshwe. Taja dawa zako zote, na zile za mitishamba usizifiche.

Chagua majira ukiweza. Magongo na tope jekundu la Aprili havipatani. Upasuaji wa mwanzoni mwa Juni hukupa kiangazi chote cha njia kavu, na mkulima huenda akawa amesimama tena mvua za vuli za mwisho wa mwaka zikianza, ingawa si kwa jembe zito.

Sasa choo. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kawaida cha harusini, toboa katikati ya kalio tundu la ukubwa wa sahani, kwaruza kingo zake kwa msasa zisikate, kisha kiweke juu ya shimo. Miguu ya kiti ifungwe au ichimbiwe kidogo isiteleze. Ukutani pigilia mti wa kushikia, upande wa mkono wenye nguvu. Kifanyie majaribio kabla hujapasuliwa, ukisimama kwa mguu mmoja. Kwa usiku, ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda si aibu. Wanaoanguka kwa magongo mara nyingi huanguka saa nane za usiku wakielekea uani.

Kitanda kiwe kwenye chumba cha chini. Mazulia yaondolewe. Jifunze magongo mapema, na ushike kanuni: kupanda, mguu mzima hutangulia; kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Usining'inie kwa makwapa, uzito ubebwe na viganja. Kama njia ya kwako ni ngazi za udongo, kaa chini uzishuke kwa makalio. Watu watacheka siku mbili, halafu watazoea.

Ukitoka Rubavu, Rusizi au ng'ambo ya mpaka, tafuta nyumba ya jamaa Kigali kwa majuma mawili matatu ya kwanza. Safari ya saa nyingi mguu umening'inia hukaribisha uvimbe na damu kuganda. Na usipange kutoka hospitalini Jumamosi ya mwisho wa mwezi: asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, gari halipatikani.

Wodini na baada yake

Ganzi huenda ikawa ya mgongoni, au ukalazwa usingizi kabisa. Utakaa siku chache. Nenda na mtu wa kukuuguza, anayeitwa hapa umurwaza, kwa sababu chakula, maji ya kuoga na kuwaita wauguzi mara nyingi huwa mikononi mwake. Mchague anayeweza kuamka usiku. Anayekupenda sana lakini halali mbali na kwake hatakufaa.

Majuma mawili ya kwanza mguu uwe juu ya moyo wako, si juu ya kigoda kifupi. Lala, weka mito miwili mitatu chini ya muundi. Damu ikishuka ghafla utausikia mguu ukipwita na kuwaka. Huo ni ukumbusho wa kurudi kulala. Chezesha vidole kila saa. Nyuzi hutolewa majuma mawili matatu baadaye, kisha hufungwa POP nyingine. Kuanzia hapo mpaka juma la sita au la nane, mguu hausimamiwi kabisa. Baadaye huruhusiwa kukanyaga kidogo kidogo ukiwa ndani ya POP au buti maalumu, mpaka juma la 12 hivi. Ratiba ya daktari wako ndiyo inayotawala, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mfupa.

Tatizo ni juma la tano. Maumivu yamepungua, mgonjwa anajiona mzima, jirani anamwambia ajaribu hatua mbili tu mpaka jikoni. Mfupa wakati huo bado ni laini, na mguu usiouma si ushahidi kwamba umeshika. Picha ndiyo ushahidi. Wapo pia ndugu watakaotaka kumwita mwunga mifupa aje "kuulainisha" mguu POP ikitolewa. Mkatalie kwa heshima: kiungo hicho kimefungwa makusudi, na anayejaribu kukifungua kwa kukanda ataiachanisha mifupa inayoshikana.

Rudi hospitalini siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona vidole vimekuwa baridi, vya samawati au vimekufa ganzi. Maumivu yanayozidi chini ya POP ingawa umemeza dawa. Harufu au majimaji. Shavu la mguu kuvimba na kuuma. Au pumzi kukatika ghafla na kifua kuuma. Homa nayo usiidhanie malaria moja kwa moja. Pimwa malaria, ndiyo, lakini kidonda kitazamwe pia.

Chakula kiwe cha kujenga: maharage, mayai, maziwa, isombe (kisamvu), na sambaza wa Ziwa Kivu wanaoliwa na mifupa yao. Vidonge vya kuondoa uvimbe kama diklofenaki usinunue mwenyewe dukani katika miezi hii, kwa kuwa madaktari wengi huviogopa mfupa unapojaribu kushika. Muulize wako.

Viatu, na yanayobaki

Uvimbe wa jioni utaendelea miezi sita, pengine mwaka. Mguu utakuwa umepungua sentimita moja au mbili, na kisigino cha kiatu hulipa pengo hilo. Fundi viatu mzuri, na Kigali hawakosekani, anaweza kukuongezea soli ngumu iliyopinda mbele na nyuma kama tako la mtumbwi, ili mguu ubingirike kutoka kisigino mpaka vidoleni badala ya kukwama. Mpelekee viatu vyote viwili, na umwambie mpindo uanze nyuma kidogo ya mahali vidole vinapokunjika. Kandambili zitoe kwenye mawazo, hazishiki mguu usiopinda. Buti la mpira la shambani hukataa kabisa kuingiwa na mguu uliogandishwa pembe mraba, kwa hiyo atafutaye buti atafute lenye zipu au kamba ndefu mbele.

Mazoezi hayahusu kifundo tena. Ni ya paja, nyonga na mgongo, na ya kujifunza hatua fupi zilizo sawa. Mtaalamu wa fiziotherapia akikutembeza kwenye mteremko ulio nje ya jengo badala ya ukumbini, mshukuru.

Picha zipigwe tena mwaka ukitimia, na baadaye kila kiungo cha jirani kinapoanza kulalamika. Vyuma kwa kawaida huachwa humo maisha yote, isipokuwa skrubu ikichomoza na kusumbua chini ya ngozi. Hifadhi karatasi ya kuruhusiwa yenye aina ya chuma kilichowekwa: daktari atakayekuona miaka 15 ijayo ataihitaji kujua achukue bisibisi ipi. Na kwa kuwa uwanja wa ndege uko hapo hapo Kanombe, tia nakala yake mkobani ukisafiri. Mashine ikilia, onyesha karatasi na kovu.